Ardhi, Maji, Moto, Upepo na Anga: Siku Tisa Kusini mwa India

Siku ya kwanza, Jumatatu: Chennai hadi Srikalahasti

Tulipanga kuondoka saa mbili asubuhi, lakini Amma alikataa kuvuka kizingiti mpaka saa tatu ipite. Kila siku ya juma ina saa moja na nusu ambayo ni ya Rahu, jini wa nuhusi katika unajimu wa Kihindu, na siku ya Jumatatu muda huo huanza saa moja na nusu asubuhi ukaisha saa tatu. Watamil wengi hawaanzi safari wala hawafungi mapatano ndani yake. Dereva alikuwa ameshaketi garini, injini imezimwa, akisoma gazeti bila haraka yoyote, maana naye alikuwa anaingoja saa ile ile. Mimi niliyelelewa Tanga na bibi ambaye hakuwa akikata kitambaa kipya siku aliyoambiwa ni ya nuhusi, niliketi barazani nikangoja pamoja nao.

Nilikuwa Chennai kwa mwezi wa pili nikimuuguza mjomba wangu. Amma ndiye mwenye nyumba tuliyopanga. Hilo si jina lake bali ni neno la Kitamil lenye maana ya mama, na ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Mjomba alipopata nafuu na mkewe kuwasili kutoka nyumbani, Amma aliniambia kwamba ana nadhiri ya kuzuru mahekalu matano ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, yanayohesabiwa kuwa makao ya asili tano za ulimwengu, yaani ardhi, maji, moto, upepo na anga, na kwamba anahitaji mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Wahindu niliowajua mimi, wale ambao watu wa pwani tumezoea kuwaita Mabaniani, ni watu wenye asili ya Gujarat na Kachchh, walio na mahekalu yao Kisutu na Mombasa. Uhindu wa Watamil, wenye miungu yake, lugha yake na nyimbo zake, sikuujua hata kidogo. Tuliwekeana sharti moja tu: kwa kuwa mimi si Mhindu, popote penye ubao unaowazuia wasio Wahindu nitasimama hapo, na Amma ataingia peke yake kisha aje anisimulie.

Srikalahasti iko ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Tamil Nadu, upande wa Andhra Pradesh, mahali ambapo maandishi ya mabango hubadilika ghafla kutoka Kitamil kuwa Kitelugu. Hapa Shiva ni upepo. Jina la mji hugawanywa katika viumbe vitatu ambao kwa mapokeo walimwabudu hapa: sri ni buibui, kala ni nyoka, hasti ni tembo. Amma alikaa ndani kwa zaidi ya saa moja, na alipotoka, majivu meupe yakiwa yamepigwa mistari mitatu kwenye paji la uso, alinieleza jambo ambalo ndilo hulipa hekalu hili sifa yake. Chumba cha ndani kabisa hakina dirisha, na taa nyingi za mafuta zilizomo zimetulia tuli. Lakini mwali wa taa mojawapo hucheza bila kukoma kana kwamba mtu anaupulizia. Mwali huo ndio unaowaonyesha waumini kwamba upepo upo, kwa kuwa upepo wenyewe hauna umbo la kuonekana. Linga, yaani nguzo fupi ya jiwe ambayo ndiyo alama ya Shiva, hapa haiguswi kwa mkono, hata na kuhani.

Watu wengi waliokuwa kwenye foleni hawakuja kwa ajili ya upepo, bali kwa ajili ya Rahu yule yule aliyetuchelewesha asubuhi, pamoja na mwenzake Ketu. Kisa chao kinasimuliwa India yote: jini mmoja alijipenyeza kati ya miungu akanywa maji ya uzima, jua na mwezi wakamsema, na mungu Vishnu akamkata shingo, lakini alikuwa ameshameza, hivyo kichwa kikabaki hai kwa jina la Rahu na kiwiliwili kikabaki hai kwa jina la Ketu, na mpaka leo kichwa hicho hulimeza jua au mwezi kwa kisasi. Wanajimu wa Kihindi wanawahesabu wawili hawa miongoni mwa sayari tisa, ingawa hawaonekani, na kwa hakika ni zile nukta mbili ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua, mahali pekee ambapo kupatwa kunaweza kutokea. Nilifikiri juu ya neno letu wenyewe: nasi husema mwezi "umepatwa", kana kwamba kuna mtu aliyeunasa. Wakati wa kupatwa mahekalu mengi hufunga milango, lakini hili huwa wazi, kwa maana waumini wanasema kwamba Rahu na Ketu hapa hawana nguvu ya kudhuru.

Nje ya hekalu kuna kilima cha Kannappa. Huyu alikuwa mwindaji asiyejua kanuni yoyote ya ibada, ambaye alimletea Shiva nyama aliyoionja kwanza yeye mwenyewe na maji aliyoyabeba kinywani, jambo lililomchukiza kuhani. Siku moja jicho la linga lilianza kutoka damu. Kannappa alilichomoa jicho lake kwa mshale akaliweka pale, na damu ikakoma. Kisha jicho la pili likaanza kuvuja, naye akaweka mguu wake juu ya linga ili akishakuwa kipofu ajue mahali pa kuliweka jicho lililobaki. Hapo ndipo Shiva alipomshika mkono. Watamil wanamhesabu miongoni mwa watakatifu 63 wa Shiva, na Amma alipokuwa akinisimulia, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, alinyamaza mara mbili ili afute machozi.

Siku ya pili, Jumanne: Kanchipuram

Siku ya barabara na joto. Mahekalu mengi ya Kitamil hufungwa adhuhuri hadi saa kumi, kwa kuwa mungu naye hupumzika, kwa hiyo tulikaa katika nyumba ya wageni tukala wali wa ukwaju kwenye jani la mgomba. Kanchipuram ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Pallava, na hekalu lao la Kailasanathar, lililojengwa kwa jiwe la mchanga karibu na mwaka 700, bado limesimama pembezoni mwa mji.

Jioni Amma alikwenda kwa Kamakshi, mungu wa kike wa mji huu. Kwa desturi, kila hekalu la Shiva katika nchi ya Kitamil huwa na chumba cha mke wake. Lakini ndani ya Kanchipuram mahekalu ya Shiva hayana chumba hicho, kwa sababu Kamakshi ni mmoja kwa mji mzima na ana hekalu lake. Hili lilinifunza jambo ambalo lilizidi kuwa wazi kila siku iliyofuata. Nilikuwa nimekuja na dhana kwamba miungu ya Kihindi ni kama orodha, kila mmoja na kazi yake. Kumbe mungu hapa ana mtaa, ana jamaa, ana majirani, na mambo yake hayafahamiki mpaka ujue anaishi wapi.

Siku ya tatu, Jumatano: Ekambareswarar, makao ya ardhi

Mnara wa lango la hekalu hili, ambao Watamil huuita gopuramu, una urefu wa karibu mita 59 na ulijengwa mwaka 1509 na mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara. Ukipita chini yake viatu umeviacha, na jiwe la uwanjani asubuhi bado lina ubaridi wa usiku.

Jina la Ekambareswarar hufasiriwa kuwa ni Bwana wa mwembe mmoja. Neno la Kisanskriti la embe ni "amra", na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo. Inasimuliwa kwamba Kamakshi, akitaka kumpata Shiva, aliketi chini ya mwembe kando ya mto Vegavati akafinyanga linga kwa mchanga wa mtoni, akaiabudu. Shiva akamjaribu kwa mafuriko. Maji yalipokuwa yanakuja kuibomoa, hakukimbia. Aliikumbatia linga kwa mikono yote miwili akaikinga kwa mwili wake, na Shiva akalainika katika kumbatio hilo, ndiyo maana Kitamil kina jina lake lingine lenye maana ya "aliyelainika alipokumbatiwa". Mwembe upo katika ua wa nyuma, umezungushiwa jukwaa la mawe, na mapokeo yanaupa umri wa miaka 3,500 na matawi manne yenye maembe ya ladha nne, sawa na Veda nne, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu.

Kwa kuwa linga hii ni ya mchanga, haiogeshwi kwa maji. Katika mahekalu mengine ya Shiva kuogesha ndiko kiini cha ibada: maziwa, asali, maji ya madafu, msandali, vyote humiminwa juu ya linga huku mashairi ya Kisanskriti yakisomwa. Hapa linga yenyewe hupakwa mafuta, na maji huishia kwenye kitako chake. Nilimwuliza Amma kama si ajabu kwamba Mungu mmoja ana masharti tofauti katika kila mji. Alinijibu kwamba yeye ana watoto watatu, na yule wa kwanza hawezi kula pilipili.

Siku ya nne, Alhamisi: Tiruvannamalai, makao ya moto

Tulifika alasiri, siku ya mwezi mpevu, na mji ulikuwa umefurika. Kilima cha Arunachala huinuka peke yake kutoka nchi tambarare, chekundu wakati wa magharibi, na kwa waumini kilima hicho si mahali anapokaa Shiva: kilima ndicho Shiva. Hekalu lililo chini yake, ambalo mnara wake wa mashariki una ghorofa 11 na urefu wa mita 66, ni kama kizingiti chake tu.

Kisa chake ni cha mwanzo wa ulimwengu. Brahma, mungu muumbaji, na Vishnu walikuwa wakibishana nani mkubwa, ndipo nguzo ya moto isiyo na mwanzo wala mwisho ikasimama kati yao. Vishnu akageuka nguruwe mwitu akachimba kwenda chini autafute mzizi wake; Brahma akageuka ndege mweupe akaruka juu autafute upeo wake. Vishnu alirudi akakiri kwamba hakufika. Brahma, akiwa angani, alikutana na ua lililokuwa likianguka kutoka kileleni, likiwa limeanguka kwa karne nyingi bila kufika chini, akalishawishi limtolee ushahidi wa uongo kwamba alikiona kilele. Kwa kosa hilo Brahma alinyimwa mahekalu, na ua likapigwa marufuku katika ibada ya Shiva. Nilimwomba Amma anionyeshe ua lenyewe. Muuza maua mmoja alikuwa nalo, si kwa ajili ya Shiva bali kwa nywele za wanawake, na nilipolinusa nilisimama kimya: lilikuwa ua la mkadi, lile lile ambalo bibi yangu alikuwa akilitia kwenye kikuba pamoja na rehani na asumini. Sikuwahi kujua kwamba upande wa pili wa bahari ua hilo lina kesi.

Nguzo ile ya moto, kwa huruma kwa wanadamu wasioweza kuitazama, ilipoa ikawa kilima. Hapa hesabu ya nyakati ya Kihindi ikaja yenyewe mazungumzoni. Katika zama za kwanza, zenye miaka 1,728,000, kilima kilikuwa moto. Katika zama za pili, za miaka 1,296,000, kikawa kito. Katika zama za tatu, za miaka 864,000, kikawa dhahabu. Na katika zama zetu, za nne, zitakazodumu miaka 432,000, kimekuwa jiwe. Jumla yake ni miaka 4,320,000, na mzunguko huo ukirudiwa mara 1,000 ndiyo siku moja ya Brahma, ambayo hufuatwa na usiku wa urefu ule ule. Nimeyaandika mahesabu haya kwa uangalifu kwa sababu Amma aliyataja kwa ghibu huku akichambua dengu, bila kubadili sauti.

Usiku tulikizunguka kilima. Njia ni kilomita 14, watu huenda miguu mitupu, kilima kikiwa mkono wa kulia, na wengi hutembea ukingo wa nje kwa imani kwamba upande wa ndani hupita watakatifu wasioonekana. Amma alitembea sehemu ya kwanza tu, kisha akapanda bajaji akaningoja mbele. Mimi niliendelea na umati. Njiani kuna linga nane, kila moja chini ya mlinzi wa upande wake wa dunia: Indra mashariki, Agni kusini-mashariki, Yama kusini, Niruthi kusini-magharibi, Varuna magharibi, Vayu kaskazini-magharibi, Kubera kaskazini, na Esanya kaskazini-mashariki. Kwa hiyo mtu anapomaliza mzunguko amepita pande zote nane za ulimwengu, na nyayo zake zinamwambia hivyo. Kwa Kubera, mwenye hazina, foleni ilikuwa ndefu kuliko kwingine kote. Kwa Yama, mungu wa mauti, watu waliinamisha vichwa haraka wakapita. Mimi nilisimama kidogo nikamfikiria mjomba.

Mwezi wa Karthigai, kati ya Novemba na Desemba, sufuria kubwa ya shaba hupandishwa kileleni, hujazwa samli na kuwashwa machweo, na mwali wake huonekana mbali sana. Ukionekana tu, nyumba zote huwasha taa zao. Safari yetu haikuangukia mwezi huo. Tulikuwa na mwezi mpevu peke yake, ukiwa juu ya jiwe jeusi, na sauti ya maelfu ya nyayo zisizo na viatu.

Siku ya tano, Ijumaa

Nilipumzika, nyayo zikiwa na malengelenge. Jioni nilikwenda hadi makazi ya Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho aliyefika hapa mwaka 1896 akiwa kijana wa miaka 16 na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Kwa miaka mingi aliishi katika pango la Virupaksha mlimani. Palikuwa kimya, tausi wakitembea uani.

Siku ya sita, Jumamosi

Safari ndefu ya gari hadi Tiruchirappalli. Tulivuka mto Kaveri usiku.

Siku ya saba, Jumapili: Samayapuram na Thiruvanaikaval

Samayapuram haimo katika yale matano, lakini Amma alisema hawezi kupita Tiruchirappalli bila kumsalimu Mariamman, na naona kwamba bila asubuhi hii nisingeuelewa Uhindu wa watu wa kawaida wa Tamil Nadu. Shiva wa minara mirefu ana makuhani wa Kibrahmani na vitabu vya Kisanskriti. Mariamman ni mama wa vijijini, ambaye alikuwa akiabudiwa chini ya mti kabla hajawekewa paa. "Mari" kwa Kitamil ni mvua, na yeye ndiye mwenye mvua na mwenye joto, mwenye ndui na tetekuwanga. Watamil hawasemi kwamba mtoto ameugua tetekuwanga, bali husema Amma, yaani Mama Mariamman, amekuja, na vipele huitwa lulu. Mgonjwa hulazwa juu ya majani ya mwarobaini, na matawi ya mwarobaini huning'inizwa mlangoni ili wapita njia wajue kwamba ndani yumo mgeni mkubwa. Ndui ilikwisha duniani, tangazo likatolewa mwaka 1980, na mtu wa mwisho kuambukizwa nje ya maabara alipatikana Somalia mwaka 1977. Lakini mama huyu hakuondoka na ugonjwa wake, kwa kuwa mvua na homa bado zipo.

Wanawake waliovaa nguo za manjano na kubeba matawi ya mwarobaini walijaa barabara yote. Sanamu yake ya ndani imefinyangwa kwa udongo na dawa za miti, kwa hiyo nayo haiogeshwi. Na tulifika katika kipindi cha pekee: kuanzia Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Kitamil wa Maasi, Mariamman wa Samayapuram hufunga kwa siku 28. Hapelekewi chakula kilichopikwa, bali maji ya madafu, mtindi mwepesi, matunda na kinywaji cha sukari guru. Mimi nilikuwa katika Kwaresima yangu, na nilikuwa nimezoea fikra kwamba mwanadamu hufunga kwa ajili ya Mungu. Hapa mungu ndiye aliyekuwa akifunga kwa ajili ya watoto wake, ili joto la kiangazi lisiwaumize. Nililifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi.

Adhuhuri tulikuwa Thiruvanaikaval, makao ya maji, katika kisiwa kilicho kati ya Kaveri na Kollidam. Linga ya Jambukeswarar, ndilo jina la Shiva hapa, iko chini kuliko uwanja, na chemchemi huilowanisha daima; Amma aliitazama kupitia dirisha la mawe lenye matundu tisa, akaniambia kwamba kitambaa kilicho kwenye kitako chake hukamuliwa maji kila mara. Mti wa mahali hapa ni jambu mweupe, na jambu ni zambarau. Chini ya mti huo, wanasimulia, buibui alifuma utando juu ya linga ili majani yasiiangukie, na tembo akaja kila siku kuiogesha kwa mkonga wake akiuondoa utando aliouona ni uchafu. Kila mmoja alimwona mwenzake kuwa adui wa ibada. Mwishowe buibui aliingia mkongani akauma, na wote wawili wakafa. Buibui akazaliwa tena akiwa mfalme wa Chola, Kochengannan, aliyejenga mahekalu yenye milango midogo ambayo tembo hawezi kupita. Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakuna mbaya ndani yake: wote wawili walipenda, na kupenda kwao kuligongana.

Kisha nikaona jambo ambalo sitalisahau. Hapa mungu wa kike Akhilandeswari huhesabiwa kuwa mwanafunzi wa Shiva, na ndiyo maana ndoa yao haisherehekewi katika hekalu hili. Kila siku adhuhuri kuhani wake huvaa sari, taji na shada la maua, akatoka chumbani kwa Akhilandeswari, tembo wa hekalu na wapiga zumari wakimtangulia, akavuka ua kwenda kumwabudu Shiva. Kwa muda huo yeye si mwanamume aliyevaa sari. Ni mungu mwenyewe anayekwenda kwa mwalimu wake. Umati ulifungua njia, kina mama wakainama, na mzee yule akapita mbele yangu kwa hatua fupi, macho chini, uso mtulivu kabisa.

Siku ya nane, Jumatatu: Chidambaram

Amma alikuwa amesisitiza tangu Chennai kwamba Chidambaram iwe ya mwisho. Barabara haikuturuhusu kuufuata mpangilio wote, lakini huu aliulinda. Taittiriya Upanishad, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, husema kwamba kutoka kwenye nafsi ilitoka anga, kutoka angani upepo, kutoka upepo moto, kutoka moto maji, na kutoka majini ardhi. Wanafalsafa wakaongeza kwamba anga ina sauti tu. Upepo una sauti na mguso. Moto umeongeza umbo. Maji yameongeza ladha. Na ardhi, iliyo nzito kuliko zote, imeongeza harufu. Kwenda kutoka ardhini hadi angani ni kurudi nyuma kwenye njia ambayo ulimwengu uliijia, ukivua kitu kimoja kimoja.

Jambo lingine linawashangaza wengi: Srikalahasti, Kanchipuram na Chidambaram, zilizotapakaa katika umbali wa zaidi ya kilomita 250, zote ziko karibu na longitudo ya nyuzi 79 na dakika 41 au 42 mashariki, na mkengeuko wao haufiki kilomita moja.

Hekalu lilipokuwa limefungwa mchana, dereva alitupeleka Pichavaram, kwenye msitu wa mikoko. Jina la kale la Chidambaram ni Thillai, na thillai ni mti mmojawapo wa mikokoni, wenye utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni hupofusha. Msitu huo, wanasema, ndipo Shiva alipocheza. Mimi mtu wa Tanga nilikaa ndani ya mtumbwi kati ya mizizi niliyoizoea tangu utotoni, maji ya chumvi yakipwa, nikaona kwamba hekalu maarufu kuliko yote katika safari hii lilianzia mahali ambapo kwetu tunakwenda kukata boriti.

Jioni tulimsalimu kwanza mungu wa kike Kali wa Thillai, ukingoni mwa mji. Alishindana na Shiva kwa ngoma, wakawa sawa, mpaka Shiva alipoinua mguu mmoja wima juu ya kichwa. Kali akaona haya kufanya hivyo, akashindwa, akahamia nje ya mji. Amma hakukubali kwamba alishindwa. "Alistahi," alisema.

Siku ya tisa, Jumanne: Chidambaram, makao ya anga

Shiva hapa ni Nataraja, mfalme wa ngoma. Mkono mmoja una ngoma ndogo ambayo mdundo wake huumba. Mwingine una moto unaoteketeza. Wa tatu umeinuliwa kuondoa hofu. Wa nne unaelekeza kwenye mguu ulionyanyuliwa, ambao ni rehema. Chini ya mguu mwingine amelala kibete Muyalakan, ambaye ni ujinga. Katika lango za hekalu zimechongwa namna 108 za kucheza, moja baada ya nyingine kwenye kuta za jiwe.

Makuhani, Wadikshitar, ni jamaa moja ya kurithi, wenye fundo la nywele lililoinamia mbele, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba usimamizi wa hekalu urudi mikononi mwao. Wasio Wahindu hawakuzuiwa uani, nikasimama nyuma ya Amma mbele ya ukumbi wenye paa la dhahabu. Paa hilo lina vigae 21,600, idadi ya pumzi ambazo mtu huvuta kwa siku moja, akihesabiwa pumzi 15 kwa dakika, na vigae vimeshikwa kwa misumari 72,000, idadi ya mishipa inayopitisha uhai mwilini. Juu yake kuna vilele tisa, kwa matundu tisa ya mwili. Chidambaram ni "chit" na "ambaram", anga ya ufahamu, na waliojenga walitaka anayesimama pale ajue kwamba ukumbi anaoutazama ni mwili wake mwenyewe.

Kuhani aliiogesha linga ndogo ya fuwele kwa maziwa na asali. Baadaye alileta Nataraja mdogo wa rubi, akawasha kafuri nyuma yake, na sanamu nzima ikang'aa nyekundu kwa kina, kama kaa la moto. Kisha umati ukasogea upande wa kulia wa Nataraja, palipo na pazia.

Kengele zote zililia kwa pamoja, kwa nguvu kiasi kwamba nilizisikia kifuani. Pazia likavutwa. Nyuma yake hapakuwa na sanamu wala linga. Palikuwa na ukuta, na mbele ya ukuta nyuzi za majani ya bilva, mti mtakatifu wa Shiva, yaliyofuliwa kwa dhahabu, yakining'inia juu ya mahali patupu. Hayo ndiyo makao ya anga. Hapakuwa na kitu cha kuogeshwa, wala cha kupakwa mafuta, wala cha kukatazwa kuguswa. Amma alikuwa amekunja mikono juu ya kichwa, midomo ikitembea bila sauti, na watu waliokuwa wametembea siku nyingi kuliko sisi walikuwa wakilia waziwazi.

Pazia likarudishwa, kengele zikanyamaza moja moja. Amma alinipaka majivu kidogo kiganjani, akayafunika kwa kidole chake, akaniambia nimpelekee mjomba. Kisha akaniuliza saa, maana ilikuwa Jumanne, na alitaka tuwe tumeshaanza safari ya kurudi kabla ya saa tisa alasiri.